Anajua OMO ya uongo kwa harufu, lakini mkutanoni wanasema "hajui kuongea"

Goma. Ilikuwa mwaka wa 2024, asubuhi mapema, mbele ya butike ya mbao pembeni ya kambi moja ya wakimbizi wa ndani, upande wa magharibi wa muji. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alirudisha kipaketi cha sabuni ya unga alichonunua jana yake. Hakupoteza muda kwa salamu nyingi. Alikiweka juu ya mbao za muuzaji, mbele ya watu saba hivi waliokuwa wanangojea mkate na sukari.

"Hii haiko OMO, ndugu. OMO haiko na harufu ya chokaa. Angalia maandishi, yamepotoka. Unirudishie makuta yangu."

Muuzaji akajaribu kucheka. Mama hakucheka. Aligeukia watu, akampa kijana mmoja anuse, akaonyesha vidole vyake vilivyowashwa usiku mzima, akaeleza namna uniforme ya mtoto wake wa kwanza ilivyobaki na madoa hata baada ya kufuliwa mara mbili. Akaonyesha pale ambapo kipaketi cha kweli kimefungwa vizuri na hiki cha uongo kimeunguzwa na mshumaa. Mzee mmoja akasema, "Mama ana haki." Muuzaji akarudisha pesa. Mambo yote hayakufika dakika tano.

Siku ileile, saa nne, mama yuleyule alikaa juu ya jiwe la volkano, nyuma kabisa ya mkutano wa kambi. Mbele kulikuwa meza yenye kitambaa, viti vya plastiki, chupa za Fanta za wageni, na mtumishi wa shirika aliyevaa jile yenye alama kubwa mgongoni. Aliongea kifaransa kwa muda mrefu. Kijana wa komite akafasiri maneno ya dakika kumi kwa sentensi mbili. Kisha ikaulizwa: "Kuna maswali?" Mababa wawili wa mstari wa mbele wakauliza juu ya liste na jeto. Wamama wakaangalia chini. Watu wakapiga makofi, wakaenda.

Mama yule alikuwa na jambo moja tu la kusema. Vyoo vya wanawake havikuwa na kufuli kwa ndani. Usiku wasichana walikuwa wanaenda watatu watatu, mmoja akiingia wawili wanashika mlango. Wengine walikuwa wanajizuia mpaka asubuhi, na wengine walikuwa wameacha kunywa maji jioni. Kila mwanamke wa kambi alijua. Hakuna aliyesema.

Jioni, watu wa komite walipokuwa wanaandika ripoti yao, mmoja akasema neno ambalo linasemwa katika kila kambi, kila kartye, kila parokia na kila mkutano wa wazazi kutoka Sake mpaka Minova: "Tatizo ni kwamba hawa wamama hawajui kuongea mbele ya watu."

Ni uongo. Na ni uongo wenye faida kwa wale wanaousema.

Yule aliyemshinda muuzaji mbele ya watu saba, kwa ushahidi, kwa mfano, kwa sauti iliyopangwa vizuri, anajua kuongea mbele ya watu kuliko nusu ya wale waliokaa kwenye meza. Alifungua na madai yake, akaleta kitu chenyewe, akaita mashahidi, akaeleza madhara, akamaliza na lile alilotaka. Katika formation za mashirika, zile zinazofanyika kwenye sala ya hoteli pamoja na karatasi kubwa na feutre, watu wanalipwa kwa siku tatu ili kufundisha mambo hayohayo matano.

Basi swali siyo namna ya kuwafundisha wamama kuongea. Swali ni nani anawanyamazisha kati ya butike na mkutano.

Tuanze na nyumba, sababu ni pale ambapo ulimi unazoezwa. Ingia katika nyumba yoyote ya Goma ao Bukavu, ao chini ya shitingi yoyote, utakuta majina ya makampuni yamekuwa majina ya vitu. Mtoto anatumwa kuleta Colgate, analeta dawa ya meno ya kampuni ingine kabisa, na hakuna anayemkaripia. Kalamu yote ya wino ni Bic. Jina lile lilikuwa la mtu: Marcel Bich, mwenye kiwanda huko Ufaransa, aliyeondoa herufi ya mwisho ya jina lake na kuanza kuuza kalamu ya plastiki ya bei ndogo mwaka wa 1950. Mtoto wa Masisi hajasikia habari za Bich hata siku moja, lakini anamwomba mwenzake Bic ili aandike imla. Maziwa yote ya unga ni Nido, hata kama mkebe una picha ingine. Nepi ni Pampers. Mafuta ya kujipaka yanayoganda ni Vaseline. Supu isiyo na Maggi, bwana wa nyumba anauliza kama mama alikuwa mgonjwa.

Na tangu vita, majina mengine yameingia ndani ya nyumba. Watu wanasema "shitingi ya UNHCR" kama vile wanavyosema "kitenge cha wax". Chakula kikigawiwa, watu wanasema "PAM imefika", hata kama aliyefika ni shofere wa lori tu. Mkebe wa mafuta wenye alama ya USAID ulimalizika zamani, lakini bado unachota maji, unapima mahindi, ao umefunguliwa na kupigwa nyundo uwe kipande cha mlango. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka ule USAID ikaacha kutoa misaada. Mikebe yake haijui. Bado iko jikoni.

Majina haya yote, wamama hawakuyafundishwa darasani. Yaliingia kwa mdomo, kwa redio, kwa ukuta uliopakwa rangi, kwa jirani. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa meza wangepaswa kulifikiria usiku kabla ya kulala. Kampuni ya simu ikitaka mama anunue unites, inamwambia kwa Kiswahili ao kwa Kilingala. Kiwanda cha bia kikitaka baba anywe chupa moja zaidi, hakimtumii barua ya kifaransa. Kinampelekea muziki na maneno anayoyaelewa. Wote wanaotafuta makuta ya maskini wanajifunza lugha yake. Wanaosema wamekuja kumsaidia, hao ndio wanamletea kifaransa na mtu wa kufasiri nusu.

Muuzaji wa sabuni anamheshimu mnunuzi kwa sababu mnunuzi anaweza kwenda butike ya pili. Anayepokea msaada hana butike ya pili. Mama yule alijua, asubuhi, kwamba ana makuta mkononi na kwamba kipaketi ni chake. Saa nne alijua kwamba jina lake liko kwenye liste ya mtu mwingine, na kwamba jina linaweza kufutwa. Sauti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani ameshika kitu.

Wale wanaobisha waende sokoni Virunga ao Kituku wasikilize wauzaji wa vitenge. Kampuni ya Vlisco iko Helmond, nchini Uholanzi, tangu 1846. Inachora, inachapa, inatia namba. Lakini katika masoko mengi ya Afrika, majina ya vitenge vile yalitoka kwa wanawake waliouza na waliovaa. Kuna kitenge kinachoitwa "Mon mari est capable", maana yake bwana wangu anaweza. Kuna "Jalousie", wivu. Mwanamke anayevaa kitenge cha namna ile siku ya arusi ya mke mwenziwe ametoa hotuba nzima bila kufungua mdomo, na kila mtu ameelewa. Wazungu wa Helmond walitengeneza kitambaa. Wamama wa soko walikipa maneno. Na watu haohao ndio wanaambiwa hawana maneno.

Woga huu unatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka shuleni. Wazee wengi wa Kivu wanakumbuka symbole, kile kipande cha mbao ao mfupa kilichofungwa shingoni mwa mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani kwenye kiwanja cha shule. Alipaswa kukivaa mpaka amkamate mwenzake akiongea vilevile. Aliyekuwa nacho mwisho wa siku alipigwa. Mtoto wa namna ile alijifunza mambo mawili: kwamba kufungua mdomo mbele ya watu ni hatari, na kwamba rafiki yako anakusikiliza ili akushitaki. Leo symbole haionekani tena katika shule nyingi, lakini kicheko kimebaki. Mtoto anakosea le na la, darasa zima linacheka, mwalimu naye anacheka. Mtoto huyo anakuwa mama ao baba mwenye miaka arobaini anayekaa nyuma juu ya jiwe.

Na hii ni katika nchi ambayo katiba yake ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inasema kifaransa ni lugha ya serikali, na kwamba Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Kifungu cha kwanza, siyo cha mwisho. Anayesimama kwenye mkutano wa kartye na kuongea Kiswahili haombi ruhusa kwa mtu yeyote.

Sehemu ingine inatoka nyumbani. "Mtoto haongei mbele ya wakubwa." "Mwanamke wa heshima haipandishi sauti." Heshima ni kitu kizuri, na hakuna anayetaka watoto watukane wazee. Lakini kuna mababa wanaosifu mke wao akibishana sokoni na kurudi na faida ya franka mia mbili, na bwana huyohuyo anamkanyaga mguu kwenye mkutano akiona anataka kuinua mkono. Sokoni ulimi wa mke unaleta makuta, kwa hiyo ni akili. Mkutanoni unaweza kuleta haya, kwa hiyo ni ujinga. Mababa wa namna ile wajiulize wanaogopa nini. Mara nyingi wanaogopa kwamba mke ataongea vizuri kuwashinda, na wengine watafurahi.

Ni lazima kusema wazi kuna woga wa namna mbili katika mkoa huu, na ni makosa kuuchanganya. Kuna mambo ambayo mtu akiyasema mbele ya watu, usiku wageni wenye bunduki wanaweza kugonga mlango. Anayenyamaza juu ya mambo yale siyo mwoga. Anajua anaishi wapi. Asije mtu yeyote kutoka hoteli akamwambia "ujasiri, mama". Lakini kufuli ya choo haiko siri ya jeshi. Bei ya uniforme, maji yenye klore nyingi ao isiyo na klore, komite ya wazazi inayoomba michango bila kutoa hesabu, zamu kwenye bomba: haya ni mambo ya sabuni na ndoo. Kuna watu wanaofaidika sana wakati woga wa pili unavaa nguo za woga wa kwanza. Mwenye kuweka makuta ya wazazi mfukoni anapenda sana kusema "hali ya usalama hairuhusu maneno mengi".

Tusidharau pia mwili. Mtu akiinua mkono kwenye mkutano moyo unapiga mbio, mdomo unakauka, magoti yanatetemeka, sauti inapotea. Wengi wanafikiri ni alama kwamba hawafai, ao wamerogwa. Ni mwili unaojitayarisha kukimbia. Kemikali inayoitwa adrenalini inaingia katika damu, ileile inayomsaidia mtu kubeba watoto wawili na godoro na kufika Sake kwa mguu. Watu waliokimbia kweli, wale wa usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika moto, wale wa vita vya juzi na vya jana, miili yao inashtuka upesi zaidi. Macho mia mbili yanayokuangalia kwa pamoja, mwili unaweza kuyapokea kama hatari. Kwa hiyo kutetemeka siyo ujinga. Mwenye kuongea vizuri kwenye redio naye anatetemeka. Amezoea tu kuendelea kuongea huku anatetemeka.

Na kinachosaidia hakihitaji hoteli. Wamama wa muso wanakijua siku nyingi. Muso ni kile kikundi cha akiba na mikopo: wanakutana kila juma, kila mmoja anasimama, anasema ameleta kiasi gani, amekopa kiasi gani, kwa nini hajalipa. Mwanamke aliyechelewa kulipa anasimama mbele ya wenzake ishirini na tano na kujitetea. Hiyo ndiyo hotuba ngumu kuliko zote duniani, na inatolewa kila wiki katika Kiswahili cha nyumbani, ndani ya nyumba za mbao, pasipo mikro. Kwa nini pale wanaweza? Kwa sababu kila mtu ana zamu, hakuna anayeuliza "kuna maswali?" na kungojea jasiri mmoja. Kwa sababu wanakaa kwa duara. Kwa sababu kila mmoja ana kikarneti mkononi, yaani ana kitu cha kushika na kuonyesha. Kwa sababu makuta ni yao.

Kitu cha mkononi siyo jambo dogo. Mwambie mama asiyezoea aeleze "changamoto za usafi katika kambi", atanyamaza, na hata wewe ungenyamaza. Mpe kipande cha sabuni iliyogawiwa uulize, "Mama, hii inafua namna gani kupita OMO?" Hatanyamaza. Ataanza na povu, ataingia kwenye ngozi ya mtoto, atafika kwenye maji, na kutoka kwenye maji atafika kwenye choo. Maneno ya nyumbani yanajua njia yao. Anayeongea juu ya kitu alichokishika hajiangalii mwenyewe, anakiangalia kitu, na watu pia wanakiangalia, na yale macho mia mbili yanapungua uzito. Sentensi ya kwanza aijue kwa moyo kabla ya kutoka nyumbani. Atoe pumzi polepole mara mbili tatu kabla ya kusimama. Atafute uso mmoja wa rafiki kwenye watu na amwambie yeye. Aongee mapema, sababu kadiri anavyongojea ndivyo moyo unavyozidi. Hayo yanatosha, yasiyotosha ni kazi ya wale wa mezani.

Wale wa mezani wana majibu yao, na yanajulikana. Wanasema wamama wote wakiongea mkutano hautaisha. Lakini mkutano huohuo unaweza kutumia dakika arobaini kuwasalimu wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao vyote; muda upo, umegawiwa vibaya. Wanasema hawa hawajasoma. Wenye kusoma walikuwa mezani siku ile, na vyoo havikuwa na kufuli. Wanasema wanawake wanawakilishwa, kuna mama mmoja kwenye komite. Kweli yuko, anagawa Fanta.

Na wanasema, hili ndilo wanalolipenda zaidi, kwamba hii ni desturi ya hapa na mashirika hayapaswi kuivuruga. Basi wajue kwamba siyo mashirika ya leo yaliyoanza jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, kanuni ya 18, zinasema ni lazima kufanya bidii ya pekee ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa vitu vya lazima. Kupanga na kugawa. Siyo kupiga makofi. Ripoti inayoandika "wenye kusaidiwa walikubali" kwa sababu watu wamenyamaza ni ripoti ya uongo kama kile kipaketi kilichofungwa na mshumaa, na ingefaa mtu airudishe mezani na kudai makuta yake.

Waandishi wa redio nao wasijifiche. Mikro inafika kambini, inaenda kwa nani? Kwa shefu wa kambi, kisha prezida wa komite, kisha msemaji wa shirika. Mama anarekodiwa akilia tu. Sekunde kumi na mbili za kilio, kisha mwanaume anaeleza kwa nini analia. Msikilizaji anayesikia hayo kila siku anajifunza kwamba sauti ya mwanamke ni ya kuomboleza na sauti ya mwanaume ni ya kufikiri. Hakuna matangazo ya sabuni yanayoweza kufundisha somo baya kwa uhodari kama huo.

Kuna mtu atauliza faida ya kusema haya leo, wakati kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya hazipo tena. Ni kweli: mwanzoni mwa 2025 watu waliondoka, shitingi zikakunjwa, mbao zikabebwa kwenye chukudu. Familia zimerudi Masisi na Rutshuru, ao zimejibana kwa ndugu ndani ya muji, ao ziko katika makanisa na shule. Lakini mikutano haikukunjwa. Sasa inafanyika kwenye kartye, kwa shefu wa avenue, kwa nyumba kumi, kwenye kiwanja cha shule iliyofunguliwa tena. Kuna shamba ambalo jirani amelima wakati wenyewe hawapo. Kuna jina la mtoto ambalo halipo kwenye liste ya shule. Kuna bomba moja kwa avenue tatu. Mwaka huu watu wanaorudi wataamua nani anapata nini, na anayenyamaza kwenye mkutano wa kwanza atakuta mkutano wa pili umekwisha kuamua.

Kwa hiyo anayeitisha mkutano aanze kwa Kiswahili, na akitaka kifaransa afasiriwe yeye. Atoe meza. Viti viwe kwa duara, ao wote wakae kwenye mawe, volkano imetupatia ya kutosha. Asiulize "kuna maswali?" Aulize juu ya ndoo, sabuni, mlango, bomba, na angojee jibu hata kama kimya kinamchoma. Awape wanawake nafasi ya kukutana peke yao kwanza, kwa mambo ambayo hayasemwi mbele ya wakwe. Na asiandike "walikubali" mpaka watu watano wasiokuwa wa komite wamesema jambo kwa mdomo wao.

Mama wa OMO aliinua mkono kwenye mkutano wa tatu. Wenzake wa muso walikaa karibu naye, wanne upande huu na watatu upande ule, wasichana wao nyuma. Hakwenda na hotuba. Alikwenda na bawaba iliyovunjika na kipande cha kamba ambacho wasichana walikuwa wanatumia kufunga mlango wa choo kwa ndani. Alivishika juu watu wavione. Sauti ilitetemeka, na kitenge kilichokuwa begani kilianguka hakukiokota.

"Kamba hii ndiyo mlango wetu," alisema. "Mimi niko na wasichana wawili. Ninyi mezani, vyoo vyenu viko na kufuli?"

Mtumishi wa shirika aliomba kijana afasiri. Kijana akafasiri yote, mara hii bila kupunguza.

Kufuli zilifika baada ya wiki mbili. Zilienea vyoo nane kati ya kumi na viwili. Komite ikasema hayo ndiyo yaliyopatikana, na ikapanga mkutano mwingine Alhamisi.